Posho ya CHP: mbona nusu inaingia na nusu inasubiri?

MamaHuruma:
Hamjambo. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii (CHP) huku Huruma, Nairobi. Posho yetu ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali ya kitaifa, nusu ya kaunti. Mpango huu ulianza 2023, tukapewa simu na mkoba wenye mashine ya presha. Kwa simu hakuna mchezo: usipojaza ziara zako, msimamizi anakupigia. Lakini pesa! Nusu moja imeingia, ya pili kimya. Kaunti wananiambia Hazina haijatuma, serikali ya kitaifa wananiambia yetu tulishamaliza. Nina nyumba kama mia za kutembelea, na mzee mmoja wa kisukari yuko ghorofa ya sita. Ngazi ni zile zile, posho ije isije. Nani anajua pesa hizi hupitia wapi?

Karani_Mstaafu:
Pole, mama. Nilishika hesabu za kaunti nyingine, si Nairobi. Nusu ya kaunti kwa kawaida hutegemea mgao wa Hazina ya Taifa, na hata ukifika, lazima Mdhibiti wa Bajeti aidhinishe ndipo utolewe. Ushuru ukikusanywa kidogo, kaunti zinangoja. Mkiwa wa posho, mishahara inawatangulia. Kumbuka 2024/25: kaunti 47 zilikuwa zimetengewa bilioni 400.1. Mswada wa Fedha, uliokuwa wa kuongeza ushuru, ukaondolewa baada ya maandamano ya Juni, Seneti na Bunge la Taifa wakavutana miezi kadhaa, na mwishowe mgao ukashushwa hadi bilioni 387.4. Wakati huo wote wagonjwa wako walikuwa wanapanda presha.

Wa_Kiamaiko:
Sasa si Nairobi inakusanya pesa za maegesho, ada za ardhi, leseni za biashara? Walipwe na hizo basi.

Karani_Mstaafu:
Inawezekana, ikipangwa hivyo kwenye bajeti. Makadirio hufika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili. Nendeni vikao vya maoni kabla ya hapo, na msiende kulalamika tu. Ulizeni posho ya CHP iko fungu gani, na inategemea mgao au mapato ya kaunti yenyewe.

MamaHuruma:
Vikao vinatangazwa gazetini, na huku gazeti ni la kufungia nyama. Nitaweka kwa WhatsApp ya wadi. Hilo fungu natafuta wapi, mzee?

Karani_Mstaafu:
Idara ya afya, matumizi ya kawaida. Enda mapema, kitabu chenyewe ni kinene na nakala huwa chache.