Tupeane uzoefu: chakula cha wenzetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ulichokula Kigoma kwa bei ndogo

Mwisho wa Reli (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, salaam. Nilihamishiwa Kigoma kikazi miaka mitatu iliyopita, nikashuka stesheni alasiri moja baada ya safari ndefu ya treni kutoka Dar es Salaam, na njaa niliyokuwa nayo haikuwa ya kuchagua. Kijana wa bodaboda aliyenipakia alinipeleka moja kwa moja kwa mama lishe mmoja upande wa Mwanga. Hapo niliwekewa ugali wa muhogo, kipande cha samaki aitwaye mgebuka ndani ya mchuzi mwekundu wa mawese, na kando yake kitu kingine kilichofungwa kwenye jani na kukazwa kwa kamba, chenye urefu wa kiganja, cheupe kinachoelekea kijivu, kinachonata na chenye uchachu kwa mbali. Nilikila chote, nikalipa shilingi 3,000 kwa jumla, nikaenda kutafuta nyumba ya kulala wageni. Niliporudi wiki iliyofuata yule mama alikuwa amehama, na tangu siku hiyo kila ninayemweleza habari ya kile kitu cha kwenye jani huniuliza kama nilikuwa na homa.

Ndiyo sababu ya kufungua mada hii. Mji wetu hauna vibao vya kumwambia mpita njia kwamba hapa panapikwa chakula cha Kikongo na pale cha Kirundi. Anayepika ni mama fulani chini ya turubai, na asili yake utaijua kwa lafudhi yake, au kwa jinsi anavyotia mafuta bila kuyaonea huruma. Mtu anaweza kuishi hapa miaka kumi akala vyakula vya nchi tatu na asijue. Naomba kila mwenye kisa akieleze kwa ukamilifu: alikula nini, upande gani wa mji, alilipa kiasi gani, na kama alirudi. Hoteli zenye vitambaa vya mezani tuziache, na majina ya wapishi tusiyataje, kwa kuwa wengine hawapendi kutangazwa.

Binti wa Bangwe

Kaka, kitu chako cha kwenye jani nakifahamu, lakini kwanza nitoe kisa changu, usije ukapata jibu ukatukimbia.

Mama yangu ni mtu wa Tanga, na nyumbani kwetu majani ya muhogo yaliitwa kisamvu na yalipikwa kwa nazi hata kama nazi hiyo ilibidi iagizwe na kusubiriwa. Nilikua nikiamini kwamba hakuna namna nyingine. Siku moja nikiwa sekondari, jirani yetu, mama aliyevuka ziwa na watoto wake wakati wa vita vya Kongo, alinipa sahani ya sombe. Yalikuwa majani yale yale, ila yametwangwa hadi yamekuwa laini kabisa, yamechemka kwa saa nyingi, yamekolezwa mawese, na ndani yake mna dagaa ambao huwaoni kwa macho bali unawakuta mdomoni. Sikumwambia mama yangu kwamba nimekipenda kuliko cha kwetu, na hata leo anaposoma maandishi yangu nitasema nimesahau.

Kosa nililolifanya baadaye ndilo ninalotaka wengine walijue. Nilipoanza kujitegemea nilinunua fungu la majani, nikayakatakata kwa kisu kama mchicha, nikayachemsha nusu saa huku nimefunika sufuria, nikala. Usiku ule kichwa kiliniuma na tumbo likanisokota hadi asubuhi. Jirani yule aliponisikia alinigombeza kama mwanawe: majani ya muhogo yana sumu, na sumu hiyo hutoka kwa kutwangwa sawasawa kinuni na kuchemshwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi ili mvuke uende zake. Tangu siku hiyo nanunua yaliyokwisha kutwangwa sokoni Mwanga, au naenda Kibirizi mchana, ambako akina mama wawili watatu huuza sombe na ugali kwa shilingi 2,000, na ukiongeza kipande cha samaki unafika 3,500. Nenda mapema, maana mabaharia wa maboti hawabakizi.

Mzee wa Ujiji

Wanangu, mmeanza vizuri, ila naona mnataja Mwanga na Kibirizi kana kwamba Ujiji imehama. Wageni huja kwetu kutazama mahali walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871, wakapiga picha, wakapanda gari na kuondoka bila hata kuonja kahawa, nami huwa nawahurumia.

Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora, na misafara ile haikuleta watu na bidhaa peke yake. Ilileta pilau, vitumbua na kahawa chungu ya barazani, na vyote hivyo vikakutana na mawese, muhogo na samaki wa watu wa ziwani, wakiwamo Wamanyema waliotoka ng'ambo ya pili na kujenga hapa. Kwa hiyo asubuhi kwetu utaletewa kitu ambacho mtu wa Pwani atakishangaa na mtu wa Kongo atakishangaa vilevile: maharage yaliyoungwa kwa mawese, kando yake vitumbua vya mchele vyenye hiliki. Mimi hulipa shilingi 1,500 pamoja na kahawa, na nimekula hivyo tangu kijana, bei tu ndiyo imekuwa ikibadilika.

Niongeze neno moja kuhusu mawese, kwa sababu wengi huyalaumu bure. Mawese yakitiwa kwenye chakula yakiwa mabichi huacha ladha nzito inayokwama kooni. Mpishi anayejua huyaweka jikoni kwanza, akayaacha yapate moto hadi ile harufu ya ubichi iondoke, ndipo akatia kitunguu. Ukikaa karibu na jiko utajua kwa pua yako kama ukae ule au uage kwa heshima. Na mgeni asivae shati jeupe.

Mnyamwezi Safarini

Mimi si mkazi wa Kigoma, natoka Tabora na hupita hapo kwa treni mara mbili au tatu kwa mwaka. Kwetu chakula cha njiani ni michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, tofauti yake ikiwa kwamba michembe hukaushwa vibichi na matobolwa huchemshwa kwanza. Niliwahi kumpa fuko la matobolwa mama lishe mmoja wa Gungu kama zawadi, naye akanilipa kwa sahani ya dagaa wabichi waliokaangwa kwa mawese na pilipili. Sijawahi kufanya biashara yenye faida kama ile. Hicho cha kwenye jani sijakiona, nitafurahi kukifahamu.

Mlalamikaji wa Haki

Naomba nami nitoe uzoefu wangu, ingawa si mzuri. Siku moja niliingia sehemu moja, ambayo sitaitaja, nikaagiza kuhe kwa sababu kila mtu alikuwa amenisifia kuhe. Nililetewa kipande chembamba chenye miiba mingi kwa shilingi 8,000, na nilipomwonyesha mwenyeji wangu mifupa alicheka akasema yule si kuhe hata kidogo. Kuhe ni samaki mkubwa mwenye nyama nene, wa ukoo mmoja na perege, ila kwa ukubwa amewapita wote wa ukoo huo. Je, mgeni atajuaje? Na kwa nini siku ile ile kila nilikouliza dagaa wabichi niliambiwa hawapo, katika mji ambao jina lake limeandikwa kwenye kila fuko la dagaa nchini?

Mama wa Jiko la Kuni

Nimekuwa nikisoma kimya, lakini hapa inanibidi nijibu, kwa kuwa mimi ndiye mpikaji mnayemzungumza.

Kuhusu kuhe, ndugu yangu, pole. Usiagize kwa jina, omba uonyeshwe samaki kabla hajakatwa. Mpishi asiyetaka kukuonyesha amekwisha kukujibu.

Kuhusu dagaa, wavuvi wetu huwavua usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za betri na sola, lakini kanuni haijabadilika: dagaa huifuata nuru ndani ya giza. Mbalamwezi ikiwa kali, ziwa zima lina nuru, dagaa hawakusanyiki penye taa, na wavuvi hupumzika siku kadhaa wakishona nyavu. Siku hizo dagaa wabichi huadimika na wachache waliopo hupanda bei. Kwa hiyo mgeni anayetaka kula vizuri kwa fedha kidogo hapa Kigoma atazame mbinguni kabla ya kutazama mfukoni. Ukikosa wabichi chukua wakavu, ila uliza walianikwa wapi. Waliokauka juu ya vichanja bei yao ni kubwa kidogo, na waliokauka mchangani utawaosha mara tano na bado utasikia chembe kwenye meno.

Mwaka 2024 ndio ulionifunza kazi hii upya. Ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana, na mimi nilikuwa nimezoea kupika samaki peke yake. Wiki ya kwanza nilitaka kufunga. Kisha nikamkumbuka marehemu bibi yangu mzaa mama, mwanamke wa Kiha kutoka Kasulu, ambaye hakuwahi kusubiri samaki ili watu wale. Nikaanza kupika maharage kwa ndizi mbichi katika sufuria moja, nikaweka mawese, chumvi na bilinganya chungu, nikauza sahani shilingi 1,500. Wateja wangu Warundi walipoionja walisema hiki ni cha kwao, nikawaambia ni cha bibi yangu, tukabishana hadi sufuria ikaisha. Ziwa lilipofunguliwa nilirudisha samaki, lakini sufuria ile ya ndizi nikaogopa kuiondoa, kwa kuwa kuna watu wanaokuja kwa ajili yake peke yake.

Mchuuzi wa Vitenge

Mama amenikumbusha. Mimi huenda Bujumbura kwa biashara, na mara ya kwanza nilipofika huko niliambiwa lazima nile mukeke, samaki wa fahari ya nchi yao. Nikajiandaa kulipa bei ya kitu cha kigeni. Alipoletwa, amebanikwa, juu yake vitunguu na ndimu, kando ndizi za kukaanga, nikamtazama vizuri nikamjua: ni mgebuka wetu huyu huyu, amevaa jina jingine. Nilimlipia karibu mara mbili ya bei ya Mwanga na nikamla kwa uchungu, ingawa sikatai kwamba wenzetu wanajua kubanika kwa moto wa pole na sisi tunapenda mno kukaanga. Na dagaa huko ni ndagala, usije ukafikiri ni samaki wa aina nyingine.

Sasa kwako, mwanzisha mada. Ulichokula kinaitwa ubuswage. Ni muhogo ulioroweshwa siku kadhaa, ukapondwa, ukafungwa kwenye jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke. Ni chakula cha Burundi.

Binti wa Bangwe

Hapana, dada yangu. Kinaitwa kwanga, na ni cha Kongo. Yule jirani aliyenipa sombe hukitengeneza kwa mikono yake mbele ya macho yangu. Muhogo hukaa majini hadi ulainike na kuchachuka, hutolewa nyuzi, hupondwa, hufungwa na kupikwa, na uzuri wake ni kwamba hudumu siku kadhaa bila kuharibika, ndiyo maana wasafiri wa maboti hukibeba. Kaka, nenda Kibirizi Jumamosi alfajiri, maboti yanaposhusha mizigo, umtafute mama mwenye beseni lililofunikwa kitenge.

Mchuuzi wa Vitenge

Kwanga hufungwa kwenye majani ya porini, yeye alisema jani tu, hakutuambia la mti gani. Atuambie kwanza lilikuwa jani gani.

Mwisho wa Reli

Nimewasikia nyote wawili, na kwa kuwa miaka mitatu iliyopita nilikuwa na njaa, sikulitazama jani. Jumamosi nilikwenda Kibirizi kabla jua halijachomoza. Mama mwenye beseni nilimkuta. Nikamwamkia, nikamwuliza kama anachouza ni kwanga au ni ubuswage. Akaniangalia kama anavyoangaliwa mtu aliyeuliza swali la kitoto, akasema, "Huu ni mkate wa muhogo, baba. Kimoja elfu moja."

Nilinunua vitatu. Cha kwanza nilikila pale pale, nimekaa juu ya gunia la mtu, pamoja na dagaa wa kukaanga wa shilingi 1,000 kutoka jiko la jirani yake, na uchachu ulikuwa ule ule niliokuwa nikiutafuta. Cha pili nimempelekea yule kijana wa bodaboda, ambaye anasema hakumbuki kunipeleka popote. Jani, kwa faida ya wanaobishana, lilikuwa la mgomba upande wa ndani, na kwa nje limezungushiwa jani jingine nisilolijua. Leo ni siku ya tatu na hicho kilichobaki bado kizima, kwa hiyo Mnyamwezi Safarini akipita na treni ya wiki hii anitafute stesheni, naye aje na matobolwa.