Acheni kuwauzia watu spoti za cc 125 kwa safari za haiwei kila siku

Wakuu, heshima kwenu. Leo nina hasira, mnivumilie.

Kila mtu anayeuliza achukue pikipiki gani ya spoti yenye injini ndogo ya kumpeleka kazini na kumrudisha kupitia barabara kuu ya mwendo kasi, anajibiwa kitu kilekile: "Chukua 125, inafika kilomita 120 kwa saa, na mafuta inanusa tu." Wauzaji wanasema hivyo. Wanaorekodi video za mapitio wanasema hivyo. Na watu ambao hawajawahi kubanana na matela saa nzima wanaitikia. Jamani, mwenye swali hakuuliza pikipiki inafika ngapi. Anataka kujua akiwa kwenye 110, na lori limeanza kuhamia upande wake, mkono wake wa mafuta bado una kitu?

Kwa 125, hauna. Na sababu inajulikana.

Ukishapita 80, karibu kazi yote ya injini ni kupasua upepo, na nguvu inayohitajika kwa kazi hiyo inapanda kwa kipeo cha tatu cha spidi. Kutoka 80 kwenda 110 unahitaji zaidi ya mara mbili na nusu ya nguvu uliyokuwa unatumia. Sasa chukua Yamaha R125, Suzuki GSX-R125 na KTM RC 125: zote zinacheza kwenye kilowati 11, yaani nguvu za farasi (hp) 15. Msidhani mainjinia wa kampuni tatu tofauti walikaa wakakubaliana kwamba 15 zinatosha haiwei. Ni leseni. Daraja A1 la Ulaya, ambalo nchi nyingi zinampa kijana wa miaka 16, linaishia cc 125 na kilowati 11, basi kila kampuni imeshona nguo kwa kipimo hicho. Japani pikipiki ya cc 125 kushuka chini hairuhusiwi kabisa kuingia barabara zao za mwendo kasi. Uingereza mwanafunzi mwenye 125 haruhusiwi kukanyaga motorway. Wenzetu waliotunga sheria hizo wameona jambo, ninyi mnamwambia mtu "inatosha".

Na hiyo 120 yenyewe mnaisoma wapi? Kwenye spidomita. Kanuni za kimataifa zinakataza spidomita kusoma chini ya spidi halisi, lakini zinairuhusu isome juu, hata zaidi ya asilimia kumi. Kwa hiyo video yenye 120 kwenye kioo, kijana kalalia tanki, barabara inateremka, haithibitishi chochote. Wekeni namba ya GPS, barabara tambarare, dereva amekaa kama binadamu mwenye begi la kazi mgongoni. Hapo ndipo tutaongea.

Hasira yangu ina chanzo. Mdogo wangu aliingia dukani akaeleza wazi kabisa: haiwei, kila siku, asubuhi na jioni, njia ya malori. Muuzaji akamsifia rangi, akamsifia taa za LED, akamfungia 125. Siku moja nikawa nyuma yake na pikipiki yangu wakati analipita lori lenye tela. Akiwa bado kwenye kivuli cha upepo wa lori alikuwa anasogea vizuri. Alipofika usawa wa kichwa cha lori, upepo ukampiga kifuani, pikipiki ikayumba, na spidi ikaanza kushuka huku mkono umekunjwa hadi mwisho. Kidevu juu ya tanki, viwiko vimebanwa, injini inalia juu ya rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) elfu tisa, na hapandi hata kilomita moja. Yuko sambamba na dereva wa lori, hawezi kumaliza, na nyuma yake gari linamwashia taa. Mimi nyuma nilikuwa naomba Mungu tu. Alishusha hadi gia ya tano, haikusaidia kitu, kwa sababu nguvu zote zilikuwa zimeshatoka. Ikabidi arudi nyuma ya lori. Muuzaji yule alijua hili. Anauza hizi pikipiki kila siku, hawezi kuniambia hakujua.

Msinielewe vibaya, 125 mjini ni pikipiki safi. Nyepesi, inapenya, haichoshi mfuko. Hata Yamaha R15 yenye cc 155 na hp 18 hivi naiheshimu sana kwenye barabara za 80. Lakini swali lilikuwa haiwei. Jibuni swali lililoulizwa!

Kwa anayetafuta ushauri sasa hivi: kiwango cha chini kabisa ni 250, na hapo uwe mtu mwepesi usiyebeba abiria. Suzuki Gixxer SF 250 au Honda CBR250R zina silinda moja na hp 26 hivi. Zitakaa kwenye 110 bila kulia, ila zinabaki na kidogo tu cha kupitia lori. Pikipiki za kazi hii hasa zinaanzia Yamaha R3: cc 321, silinda mbili, hp 42. Kawasaki Ninja 400 ni nzuri zaidi, ina torki (nguvu ya kuvuta) inayokuwezesha kupita bila kushusha gia, na uzito wake ni kilo 168 tu. Na kama leseni yako inaruhusu, Honda CBR500R ina hp 47, tanki la lita 17 na ushee, na kwenye 110 injini inazunguka rpm elfu tano na ushee. Hp zake zinakaribiana na za Ninja 400, lakini injini haichoki na wewe huchoki. Hiyo tofauti ndiyo utaishi nayo.

KTM RC 390 watu wataitaja tu, kwa hiyo niiseme. Nguvu inayo, hp 43 na zaidi. Lakini ni silinda moja kubwa, na ukiishikilia spidi moja kwa muda mrefu mtetemo unapanda kwenye mishikio na vigingi vya miguu. Vidole vinakufa ganzi, vioo vya pembeni vinatetemeka hadi huoni gari la nyuma ni la rangi gani. Kwa safari ya Jumapili ni tamu sana. Kwa kila asubuhi, hapana. Mishikio yake iliyo chini inaweka uzito wote kwenye viganja, na kwenye foleni ya kutoka haiwei hakuna upepo wa kukunyanyua kifua. R3 na Ninja 400 mishikio yake iko juu kidogo, ndiyo maana nazitetea. Unayoitaka nenda kaikalie dukani, shika mishikio robo saa bila kushuka. Muuzaji akikuharakisha, ondoka.

Kuna wataalamu wa "badilisha tu spoketi ya mbele (gia ya meno inayovuta cheni), ongeza jino moja, rpm zitashuka". Rpm zitashuka, ndiyo. Nguvu itatoka wapi? Injini ambayo tayari inahangaika kwenye gia ya sita unaiongezea mzigo, halafu kwenye kamlima kadogo unarudi gia ya tano na uko palepale ulipoanza. Acheni kuwapotezea watu hela.

Na matengenezo hamyasemi kabisa. Injini ya 125 inabeba oili lita moja hivi. Ukiikimbiza juu ya elfu tisa kila siku, hiyo lita moja inateseka, na usipoangalia kiwango cha oili mara kwa mara utaijua siku injini inagonga. Cheni ya nyingi kati yake, kama R125, ni saizi 428, ndogo kuliko 520 ya R3, na kwa kilomita za haiwei italegea haraka. Tairi laini la spoti linalika katikati tu, linakuwa bapa, na siku unalaza kwenye kona ya kutokea unahisi pikipiki inaangukia ukingoni badala ya kulala taratibu. Kuhusu breki sina maneno mengi: bila ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga ukishika breki ghafla) usinunue.

Sasa naomba hivi, na naomba kwa dhati. Kila anayemshauri mtu humu aandike mambo matatu kuhusu pikipiki anayoisifia: rpm kwenye 110 ya GPS ukiwa gia ya mwisho, kama kutoka 100 inapanda hadi 120 bila kushusha gia, na mikono iko katika hali gani baada ya saa moja. Wenye R3, Ninja 400, CBR500R na hata hizo 125, tupeni hizo namba hapa chini. Na muuzaji yeyote anayesoma hapa naye aje aziandike, kwa pikipiki aliyomuuzia mteja wake wa haiwei wiki hii.