Prelude ya Chopin ya E maina: mkono wa kushoto unaizima melodi

Mpole_wa_Vibonye
Wakuu, naomba msaada kwenye Prelude ya Chopin, Op. 28 Na. 4. Noti zote ninazo mkononi, lakini inatoka nzito badala ya kuhuzunisha. Kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za kushoto zinagonga tu, na noti ndefu ya juu inapotea kabla bari (kipimo kimoja cha mapigo) haijaisha. Nikipunguza mwendo ndiyo inazidi kuharibika. Piano ni ya wima. Pia nitajieni vipande vingine vya huzuni vya piano pekee, vya kiwango hiki au juu kidogo.

KodiSaba
Mkuu, usipunguze mwendo tena. Ni Largo (polepole sana), ndiyo, lakini mapigo yameandikwa mawili kwa bari, si manne. Weka metronomu mapigo 30 kwa dakika, kila pigo nusu-noti moja: bari zote 25 zinaisha kwa dakika 1 na sekunde 40, kabla hujalegeza popote.

Sasa hiyo noti inayopotea. Sauti ya piano huanza kufa mara tu nyundo inapogonga uzi, na hakuna namna ya kuipandisha baadaye. Mwanzoni noti hiyo ndefu, B, inakaa juu ya kodi sita, C juu ya mbili tu. Basi ipe B uzito kuliko unavyodhani inahitaji, kodi sita zipungue pamoja nayo, kisha C iingie kwa kiwango ambacho B *imeshukia*, si kile ilichoanzia. Ikiingia kwa nguvu ileile, mstari unakatika.

Huzuni yenyewe imo kushoto. Kodi zinashuka nusu toni (hatua ndogo kabisa kati ya vibonye) kwa nusu toni, mara nyingi sauti moja ikisogea na nyingine zikibaki. Kwanza zishikilie kama kodi ndefu, moja kwa kila badiliko, ukitambua ni kidole kipi kinachohama. Ukirudi kwenye kurudiarudia, kidole hicho pekee kipate uzito kidogo. Kwenye piano ya wima kibonye lazima kipande karibu hadi juu ndipo noti irudie. Kiache kipande, ila kidole kisibanduke. Ukiinua mkono kila mara, unapata huko kugonga unakokulalamikia.

Nyundo_na_Uzi
Nakubaliana, isipokuwa 30. Kwenye piano fupi ya wima noti nyingi hufa mapema, kwa hiyo hata 34 si haraka.

Pedali ya kulia, inayoacha sauti iendelee: kanyaga *baada* ya kodi mpya kusikika, na badilisha kila sauti inapohama. Kodi hizi ziko eneo la katikati. Nusu toni mbili zikikutana humo, ni matope. Wengi huharibu penye stretto (mahali pa kuharakisha), wanapoongeza nguvu huku mguu umeganda chini. Na ile fermata (alama ya kusubiri) kabla ya kodi tatu za mwisho iko juu ya kimya. Mguu juu kabisa.

Mwana_Maina
Vipande: Gymnopédie Na. 1 ya Satie (1888) ni rahisi kwa noti, na inafunza kwamba huzuni haihitaji maina (ngazi inayosikika ya huzuni), maana inaanza kwa kodi mbili za meja (ngazi inayosikika ya furaha) zenye noti ya saba zikipokezana. Shida ni kuruka kwa mkono wa kushoto. Noti ya besi ishikwe na pedali hadi bari iishe. Kisha "Oktoba" ya Tchaikovsky, D maina, ambapo melodi hujibiwa na sauti za kati. Nocturne ya Chopin ya C-shapu maina (ile iliyochapishwa baada ya kifo chake) iache baadaye: mikimbio (noti nyingi za haraka mfululizo) ya mwishoni haigawanyiki sawasawa na kushoto.

Mpole_wa_Vibonye
Asanteni sana. Na pedali ya kushoto, niikanyage tangu mwanzo ili iwe laini?

Nyundo_na_Uzi
Hapana. Kwenye piano ya wima pedali hiyo husogeza tu nyundo karibu na nyuzi, sauti inapungua bila kubadilika rangi kama kwenye piano kubwa, na vibonye huhisi vimelegea. Utapoteza uzito unaouhitaji kwenye B. Iweke kwa kodi tatu za mwisho, ikiwa vidole peke yake havifiki pp (sauti ndogo sana).