Hati ya wakfu: tuandike "usiobadilika", "usiobadilishika" au "hautatenguliwa"?

Chumbageni_Juu:
Assalaam alaykum wadau. Kuna hati ya wakfu inaandaliwa hapa Tanga: nyumba moja Ngamiani, kodi yake iende madrasa. Rasimu inasema: "Nikifa, nyumba hii iwe wakfu wa kudumu, usiobadilika, na masharti yake yote hayabadiliki milele." Mzee mwenye nyumba anataka warithi wake wasiweze kuigusa, ila msimamizi aweze kuwekwa mwingine akifa au akichoka. Je, maneno haya yanabeba hayo? Na "usiobadilika" na "usiobadilishika" yana tofauti, au ni mapambo tu? Naombeni ushauri kabla haijafika kwa mwanasheria.

KalamuYaPwani:
Waalaykum salaam. Tofauti ipo, tena kubwa. Badilika ni kitu kugeuka chenyewe. Badilisha ni mtu kukigeuza. Badilishika ni kitu kukubali kugeuzwa. "Kasi isiyobadilika" ni kasi iliyokaa palepale, ingawa dereva akikanyaga mafuta itapanda. "Kasi isiyobadilishika" ni gari lililofungwa, ukanyage usikanyage ni ileile. Rasimu yenu imeshika la kwanza: inaeleza hali, haimzuii mtu.

Lakini msikimbilie "usiobadilishika". Kauli ya kutendeka haimpokei mtenda. Huwezi kuandika "haubadilishiki na warithi", sikio linakataa, na kwenye hati mtenda ndiye mnayemtaka aonekane. Tumieni kauli ya kutendwa: "hautabadilishwa na mtoaji, mrithi wala msimamizi." Hapo hakuna wa kusema yeye hamo.

Na msiandike "hauruhusiwi kubadilishwa". Kinachokatazwa kwa ruhusa, kesho mtu ataiomba ruhusa.

Ustadh_Makorora:
Mimi kilichonishtua ni neno la kwanza kabisa: "Nikifa". Wakfu uliofungwa kwenye kifo unahesabiwa kama wosia. Mwenyewe anaweza kuufuta wakati wowote akiwa hai, na akifa hauvuki theluthi ya mali yake bila warithi kuridhia. Ikiwa nyumba ndiyo sehemu kubwa ya alichonacho, kile kinachozidi theluthi kinaweza kuangukia haohao mnaowakwepa. Andikeni "Nimeiweka wakfu nyumba hii tangu leo", na tarehe. Wala neno "nausia" lisionekane popote kwenye karatasi hiyo.

Halafu, kwa wakfu kitenzi chenyewe ni kutengua, wengine husema kutangua. Kubadilisha kunakiacha kitu kikiwepo kwa sura nyingine. Kutengua kunakiondolea nguvu, kama uteuzi unavyotenguliwa. Katika madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata wengi huku pwani, wakfu ukishapita hautenguki, hata aliyeutoa hana pa kurudi. Kwa hiyo hati itaje yote mawili: hautatenguliwa wala hautabadilishwa. Na ile kauli iliyopokewa kuhusu ardhi aliyoiweka wakfu Sayyidna Umar, khalifa wa pili, kule Khaybar, Uarabuni, iwekeni kama ilivyo: haiuzwi, haitolewi hiba (yaani zawadi), hairithiwi. Vitenzi vitatu hivyo vinafunga milango mitatu kwa majina yake. "Milele" haifungi hata mmoja.

Chumbageni_Juu:
Jazakallahu khayran, "Nikifa" hatukuiona kabisa. Na suala la msimamizi?

KalamuYaPwani:
Hapo kinachoharibu ni "yote". Jina la msimamizi limo ndani ya masharti, kwa hiyo masharti yote yakifungwa na yeye amefungwa. Akifa mtabaki na kiti kisicho na mtu na hati inayokataa kumweka mwingine. Tenganisheni vifungu. Kimoja kiseme lengo la wakfu halitabadilishwa na mtu yeyote. Kingine kiseme msimamizi anaweza kubadilishwa akifa, akijiuzulu au akishindwa kazi, na kitaje nani wa kumbadilisha, kwa maandishi, mbele ya mashahidi wangapi.

"Wa kudumu" ibakieni ikiwapendeza, ila inataja muda tu. Mkazi wa kudumu naye huhama.

Mhariri_Mkwakwani:
Tahajia kidogo. "Usiobadilika" ni neno moja. "Usio badilika" ni kosa hata likiwa kwenye bango kubwa. Linaloachana ni kama "usio na mwisho". Upatanisho uangaliwe neno kwa neno: wakfu usio-, sharti lisilo-, masharti yasiyo-, kifungu kisicho-, nyumba isiyo-. "Masharti isiyobadilika" limejaa mitaani, lisiingie kwenye hati.

Jihadharini pia na "ambayo hayajabadilika". Hiyo -ja- maana yake bado, yaani yanaweza kubadilika baadaye. Umbo la -sio- halina wakati, linashika jana na kesho. Na nyumba yenyewe, pale inapotajwa pamoja na kiwanja chake, iitwe mali isiyohamishika. Ndilo neno la kisheria, mwanasheria atalitafuta.

Ustadh_Makorora:
Kifungu cha kwanza basi kisomeke hivi: "Nimeiweka wakfu nyumba hii tangu leo. Haiuzwi, haitolewi hiba, hairithiwi. Wakfu huu hautatenguliwa, wala lengo lake halitabadilishwa, na mimi, mrithi wangu, msimamizi wala mtu mwingine yeyote." Chini yake tarehe, sahihi na mashahidi.