Mjadala: Watoto wafundishwe mizizi ya maneno ya Kiingereza, au waendelee kukariri maana?

Mzazi, Malaba
Wakuu, hili tulijadili bila matusi. Binti yangu yuko senior ya pili, yaani mwaka wa pili wa sekondari hapa Uganda. Kila Ijumaa anarudi na maneno 20 ya Kiingereza ya kukariri, neno kushoto, maana kulia. Jumatatu jaribio, anapata 18. Ukimuuliza Jumatano, yameshayeyuka.

Juzi alikwama kwenye "benevolent". Nikamwambia, livunje: "bene" ni Kilatini, vyema, "vol" ni kutaka. Yaani mtu anayekutakia mema. Akanyamaza, kisha akaniuliza, "Baba, kwa hiyo 'malevolent' ni anayekutakia mabaya?" Hilo hakufundishwa na mtu.

Na kazi hii si ngeni kwao. Mtoto wa Kiganda hahitaji kuambiwa kwamba okusoma (kusoma), omusomesa (mwalimu) na essomero (shule) ni ukoo mmoja. Sisi tuna soma, somo, msomi, usomaji. Mwalimu aanzie hapo, ndipo avuke kwenda Kilatini na Kigiriki, ambako Kiingereza kimechota maneno yake mengi ya kitabuni, mengine yakipitia Kifaransa baada ya Wanormani wa kaskazini mwa Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066. Orodha za kukariri zinamchosha mtoto bure.

Mwalimu wa sekondari, Jinja
Mzee, umechagua neno lisilo na matata. Mimi niliwafundisha kwamba "in" ya mwanzoni inakanusha: "invisible", "incorrect". Kijana mmoja akasimama kueleza "inflammable": kitu kisichoshika moto! Darasa zima likaitikia kwa kichwa. Kumbe ni kitu kinachowaka upesi. "In" ya pale haikanushi, imetoka kwenye Kilatini "inflammare", kuwasha moto. Wewe uko Malaba, mpakani na Kenya, malori ya mafuta unayaona kila siku. Hebu mfikirie huyo kijana ameegemea tangi na sigara mdomoni.

Halafu "ped". Kwenye "pedestrian" ni mguu, Kilatini. Kwenye "pedagogy" ni mtoto, Kigiriki. Na "nice" je, neno la kumsifu mtu? Asili yake ya Kilatini ni mtu asiyejua kitu. Mwambie mkwe wako hivyo uone.

Nina kamusi tatu kwa darasa zima, ndiyo maana orodha naandika ubaoni. Si kwamba napenda.

Muuza vitabu, Kampala
Mnagombania Kilatini wakati Kiswahili chenyewe ni somo la lazima senior ya kwanza na ya pili tangu mtaala mpya wa 2020, na shule nyingi bado zinatafuta mwalimu wake. Unyambulishaji, yaani kuunda maneno mengi kutoka mzizi mmoja, si ndio mizizi yenyewe? Wapeni hicho kipindi kwanza.

Mzazi, Malaba
Muuza vitabu, hapo umenisaidia hoja. Mwalimu, na wewe nakubali nusu: mzizi uwe wa kubahatisha maana, kisha mtoto aone neno ndani ya sentensi, kamusi ije mwisho kusahihisha. Orodha ya maneno 20 bado naikataa. Afadhali matano yenye ndugu zao.

Usiku huu nimemuuliza binti maana ya "inflammable". Amejibu vilevile kama kijana wako, tena kwa kujiamini. Kesho jioni tunatoka hadi barabarani kusoma maandishi ya kwenye matangi.