Hadithi zangu zinasomeka kama taarifa ya ofisi, nifanyeje?

kalamu_mpya: Wakuu, naandika hadithi fupi. Nikizisoma tena sisikii sauti yangu, nakata tamaa, nafuta zote. Nianzie wapi?

mhariri_tanga: Anza na vitenzi. "Alifanya ukaguzi wa mlango" ni lugha ya barua. Andika "aliukagua mlango". "Alitoa maelezo" ni "alieleza" tu. Kisha itazame -li-. "Aliamka. Alinawa uso. Alitoka" inapiga hatua kama gwaride. "Aliamka, akanawa uso, akatoka" inatembea. Hii -ka- ndiyo uti wa mgongo wa masimulizi yetu, na inasikitisha kuona waandishi wapya wakiiacha. Ila usiirundike: baada ya vitenzi vitatu au vinne, pumzisha msomaji kwa -ki-, mfano "mvua ikinyesha".

wino_mweusi: Ugonjwa uko kwenye kufuta. Usihariri siku uliyoandika. Dakika 20 kila siku, saa ileile, simu chumba kingine. Rasimu ilale siku 3, kisha isome kwa sauti. Ulimi ukikwama, mara nyingi "ambaye" zimejazana: "mtu ambaye alikuja" iwe "mtu aliyekuja".

bibi_simulizi: Na mazungumzo, mwanangu. Bibi wa Pemba na kondakta wa Nairobi hawasemi sawa. Funika majina ya wasemaji usome. Usipomtambua anayesema, andika upya.

kalamu_mpya: Shikamoo bibi, asanteni wote. Naanza na vitenzi leo.

bibi_simulizi: Marahaba. Rasimu za zamani zitunze, usizifute.