Naomba ushauri: mwale wa rada unamfunika mtumiaji wa simu kwenye antena zilezile

Wakuu, habari za leo. Kwa shahada yangu ya uzamili ninaiga kwenye kompyuta mnara mmoja unaohudumia simu na wakati huohuo kufanya kazi ya rada. Nina antena 16 kwenye mstari mmoja, masafa ni gigahezi 28, na kutoka antena hadi antena ni nusu ya urefu wa wimbi, yaani takriban milimita 5.4. Watumiaji ni wanne, na gari ninalolitafuta kwa rada liko kwenye pembe ya nyuzi 23. Mtumiaji wa tatu yuko kwenye nyuzi 20, na kila ninapouongezea nguvu mwale wa rada, ishara yake inamezwa, ilhali wenzake hawaguswi sana. Nafikiria kuzigawa antena, nane za rada na nane za simu. Je, nitakuwa nimelitatua tatizo au nimelihamisha tu? Kazi hii naipenda na sitaki kuijenga juu ya msingi mbovu.

Fundi Mawimbi: Usizigawe, ndugu yangu. Mwale wa antena 16 zinazotazama mbele una upana wa takriban nyuzi 6. Ukibaki na nane, upana unafika karibu 13, na hao wawili waliopishana nyuzi 3 watazidi kuchanganyika. Isitoshe, mwangwi wa rada hulipa safari mbili: umbali ukiongezeka maradufu, nguvu yake hushuka mara 16, wakati ishara ya simu hushuka mara nne.

Mama Antena: Naafiki, lakini kwa maoni yangu kosa kubwa liko kwingine. Umetengeneza ishara ya pekee ya rada, kisha ukaielekeza alipo mtumiaji, ambaye kwake ni kelele tupu. Data ya mtumiaji wa tatu mnara unaijua yote, kwa sababu ndio ulioituma. Basi mwangwi wake unaweza kulinganishwa na nakala iliyobaki mnarani, na data hiyohiyo ikafanya kazi ya rada. Nimekupigia hesabu: mwale ukilenga nyuzi 20, gari linapata asilimia 59 ya nguvu ya kilele, ukilenga nyuzi 21.5, gari na mtumiaji wanapata karibu asilimia 88 kila mmoja. Ishara ya pekee ihifadhi kwa ajili ya vyombo vilivyo mbali na watumiaji wote, maana mikondo minne ya data haiwezi kumulika kila upande. Hapo itumie iwe mfuatano unaojulikana na simu, ili simu iuondoe kabla ya kusoma data.

Mleta mada: Asante sana, mama. Ila mtumiaji naye yumo ndani ya gari, na gari lake pia litarudisha mwangwi. Nitayatofautishaje magari mawili yaliyomo ndani ya mwale mmoja?

Mama Antena: Kwa umbali, mwanangu, si kwa pembe. Ukiwa na upana wa masafa wa megahezi 400, rada hutenganisha vitu vilivyopishana sentimita 37.5 kwa umbali kutoka mnarani. Ukiwa na megahezi 100, inahitaji mita 1.5. Kwa magari yaliyofuatana barabarani hata hiyo ya pili inatosha.

Fundi Mawimbi: Na uweke antena za kupokea kando na hizo 16, kwani mnara unaotuma bila kukoma hujiziba masikio wenyewe.